Paa Bapa

Jumapili, 3 Machi

Leo baada ya ibada Mchungaji Abdiel aliniita pembeni akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikajua kuna jambo. Akasema baraza la wazee limekaa na limeamua: ukumbi wa usharika ubomolewe, ujengwe mwingine.

"Na tumeona kazi hii isiende kwa mgeni, Aika. Wewe ni mtoto wa hapa na ni msanifu majengo. Ile hoteli ya watalii uliyoichora, watu wanasimamisha magari kuipiga picha. Tunataka kitu chenye mvuto kama kile."

Nikamwuliza, "Baba anajua?"

Akatazama viatu vyake. "Tulidhani wewe ndiye wa kumwambia."

Ukumbi ule aliuchora Baba mwaka 1971. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ametoka Denmark alikosomeshwa uchoraji wa ramani za majengo miaka miwili. Ni sanduku la zege: paa bapa, kuta za matofali ya matundu, hakuna pambo hata moja. Watu wa hapa wameozeshana humo na kuliliana humo, na mimi nilikula keki ya kipaimara humo. Miaka ya karibuni unavuja.

Nilikubali. Naandika hapa ili nisije kujidanganya baadaye: sikuombwa mara mbili.

Jumanne, 5 Machi

Joto. Mlima Meru umejifunika tangu asubuhi, lakini mvua hakuna.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetoka kwangu Elerai, Arusha mjini, mapema kwenda Akheri kumwona Baba. Nilimkuta barazani, miguu ameiweka juu ya kigoda, imevimba hadi soksi haziingii. Daktari anasema ni moyo. Baba anasema ni viatu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekonda. Huli?"

"Nakula."

"Mvua zimefika huko mjini?"

"Bado."

"Na hapa bado," akasema, akageuza uso kuelekea ukumbini. Kutoka barazani unauona kupitia migomba, wa kijivu, mpana, umelala chini. Nikadhani anautazama kwa majivuno, kama siku zote.

Sikumwambia. Nilikunywa mtori wa ndizi wa Dada Nice, mkubwa wangu, bakuli mbili, na kwa kila kijiko nilijiambia nikimaliza hiki nitasema.

Kilichotutenganisha mimi na Baba ni nguzo. Mwaka juzi nilimpeleka kuiona ile hoteli iliyonipa jina. Niliichorea mlango wenye umbo la kibuyu, rangi za udongo na waridi, na mbele yake nguzo nne ndefu zisizogusa paa. Zimesimama tu. Nilizipenda mno, zilikuwa mzaha wangu kwa majengo yote ya ofisi yenye nguzo za kutisha watu. Baba aliizunguka ya kwanza, akaigonga kwa kifundo cha kidole.

"Huyu anabeba nini?"

"Habebi kitu, Baba. Yupo kwa ajili ya kusema."

"Anasema nini?"

Nikaeleza. Nilieleza kwa muda mrefu, naye akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu ile anayowasikilizia watu wa bima. Kisha akasema, "Basi huyu ni mtu aliyekuja msibani kula."

Tangu siku ile tunaongea habari za afya na mvua.

Dada Nice alinisindikiza hadi barabarani. Anafundisha darasa la pili, ana miaka hamsini na mmoja, hakuolewa, hakuondoka. Huwa namwona kama mtu aliyebaki nyumbani kwa kukosa pa kwenda. Akaniambia, "Leo umekula kama mtu anayeficha kitu."

"Sina kitu, dada."

Alhamisi, 14 Machi

Nimeanza kuchora. Ofisi yangu ni chumba kimoja cha juu hapa Kaloleni, chini yangu kuna fundi viatu anayegonga kutwa nzima. Leo hata sikumsikia.

Chuoni tulikuwa na mwalimu wa historia ya usanifu aliyependa kutupa maneno ya Kiswahili. Alitupa mawili: usasa na usasaleo. Watu wa usasa, alisema, waliamini ipo njia moja ya kweli ya kujenga, iwe Ulaya au Afrika. Zege, kioo, mstari ulionyooka. Pambo kwao lilikuwa uongo, na jengo la kweli lingemfanya binadamu awe bora. Watu wa usasaleo wakaja nyuma yao, wakakuta majengo ya kweli yamechakaa na binadamu ni yule yule. Wakasema hakuna ukweli mmoja. Tuchanganye vya kale na vya leo, tunukuu, tucheze.

Nilihisi kama mtu amenifungulia dirisha. Nilikulia katika nyumba ambamo kila kitu kilikuwa na mahali pake na kila swali lilikuwa na jibu, na jibu alikuwa nalo Baba. Likizo ile nilirudi nikatangaza mezani, "Baba, mimi ni mtu wa usasaleo." Nilisema kama watu wanavyosema wameokoka. Mama, alikuwa bado hai, alicheka. Baba hakucheka.

Aliuliza, "Kwa hiyo mimi ni wa jana?"

Leo nimechora nguzo sita, upinde, na paa la vigae lenye mteremko mkali. Na katikati ya ukuta wa mbele nimeacha nafasi. Tutakata kipande cha ukuta wa matundu wa ukumbi wa zamani, mita mbili kwa mbili, tukipachike pale ndani ya fremu ya njano. Ni heshima yangu kwa Baba. Nilipomaliza kukichora nilikuwa nalia, na nikaona kazi ni nzuri.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana. Watu wamekimbilia chini ya mabati, wanacheka.

Jumapili, 24 Machi

Jumapili ya Matawi. Mvua haijakatika tangu juzi. Baada ya ibada tulikunywa chai ukumbini na maji yalikuwa yanadondoka kila mahali. Akina mama walitega ndoo, zikaisha, wakaleta masufuria. Mama mmoja wa kwaya alisema ukumbi huu sasa unabatiza, watu wakacheka sana. Mwingine akasema, "Zamani haukuwa hivi. Ni hii miaka mitatu tu."

Baba alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono juu ya fimbo yake. Hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa ameinua uso kuelekea dari, anafuata kila tone kwa macho. Dada Nice alitoka nje ghafla akasimama mvuani bila mwavuli. Nikamwona ana visirani tu.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu. Mvua. Nilipanga kumwambia leo. Sikumwambia.

Jumatatu, 1 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Jumatatu ya Pasaka, tumeshakula, Mchungaji Abdiel akapita kutusalimu. Hakuwa na nia mbaya. Alimshika Baba mkono akasema kwa furaha, "Mzee Elirehema, hongera! Binti amekuheshimisha. Wazee wameona ramani ya ukumbi mpya, hakuna aliyepinga."

Baba akasema, "Ramani gani?"

Mchungaji akanitazama. Mimi nikatazama meza. Chai yake hakuimaliza.

Alipoondoka Baba hakupandisha sauti. "Unayo hapa?"

"Ipo kwenye gari."

"Ilete."

Dada Nice aliondoa vyombo, nikatandaza karatasi. Baba akavaa miwani, akaomba rula. Alisoma ramani yangu karibu nusu saa, chumba kwa chumba, mvua inapiga bati. Nilirudi kuwa mtoto wa shule. Mwishoni akasema, "Ngazi zako nzuri. Mzee atapanda bila kushika ukuta." Nikapumua. Kisha kidole chake kikafika kwenye fremu ya njano.

"Na hiki?"

"Ni ukuta wako, Baba. Tutakata kipande tukiweke mbele, kila anayeingia akione."

"Ukuta ule una matundu kwa sababu upepo wa mchana unapanda kutoka bondeni upande ule. Unawapoza watu mia tatu bila umeme. Hapa ulipokiweka, upepo unapita?"

"Haupiti. Nyuma yake kuna ukuta mwingine."

"Sasa matundu ya nini?"

"Ya kumbukumbu, Baba. Watu wakukumbuke."

Akavua miwani. "Umenikata kipande ukanibandika kama stempu," akasema. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. "Bomoeni. Nimejenga maisha yangu yote, najua jengo lina mwisho. Libomoeni lote, kifusi mkakitupe. Lakini wewe usinibandike."

Hapo nikashikwa na hasira. Miezi, miaka, sijui ilikuwa imekaa wapi. Nikamwambia, "Ukumbi wako unavuja, Baba! Umetulea kwa ukweli, ukweli, kila siku ukweli, jengo lisidanganye, mtu asidanganye. Na watu wanakunywa chai chini ya masufuria. Huo ndio ukweli wako?"

"Aika!" Dada Nice alisema.

Baba alikunja miwani yake, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Sawa," akasema. "Sawa, mama." Akataka kusimama, miguu ikakataa. Nice alimshika kwapani akampeleka chumbani, hatua moja moja. Mimi nilibaki nakunja karatasi.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimepiga simu mara tatu. Anapokea Nice. "Amelala."

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Amelala.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo Dada Nice amekuja ofisini. Miaka yote niliyokaa Kaloleni hajawahi kupanda ngazi hizi. Aliingia akiwa amelowa hadi magotini, akakataa kiti.

"Nimekuja kukuambia kitu kimoja halafu niende. Unajua ukumbi ulianza kuvuja lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Mwaka 1972. Masika ya kwanza tu."

Nikasema haiwezekani, ningejua.

"Ungejuaje? Kila Februari, kabla ya mvua, Baba alikuwa anapanda juu na kopo la lami na brashi anaziba nyufa. Anachagua siku ya kazi, watu wako shambani. Mwanzoni alikuwa anakwenda na Mzee Ephraimu, yule fundi aliyemjengea. Macho ya Ephraimu yalipoharibika, nani unadhani alikuwa anashika ngazi?"

Niliiweka kalamu mezani.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne. Hakunikataza kusema. Aliniambia tu, 'Nice, twende.' Nimeishika ngazi ile miaka thelathini na minne, Aika. Wewe ulikuwa Dar es Salaam unasoma kwamba hakuna ukweli. Ile nafasi ya kuhamia Dodoma unadhani niliikataa kwa nini?"

"Kwa ajili ya paa?"

"Kwa ajili ya mwenye paa." Sasa ndipo akakaa. "Mwaka alipofikisha sabini na sita akafika kidato cha tatu cha ngazi, miguu ikagoma. Akashuka. Nikamwambia nitapanda mimi, akasema hapana, usije ukaanguka kwa makosa yangu. Ndiyo hiyo miaka mitatu mnayoisema."

Nilimwuliza kwa nini hakuezeka bati juu ya lile zege, watu wengi wamefanya hivyo.

"Kamwulize mwenyewe," akasema. Akachukua mwavuli wake.

Hata chai sikumpa.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua ilipumzika saa tisa alasiri. Nilimwomba Nice anishikie ngazi. Alinitazama kidogo, kisha akaishika.

Sikuwahi kupanda juu ya paa lile. Zege halionekani kabisa. Ni lami tupu, tabaka juu ya tabaka, mahali pengine nene kama kiganja, imekunjamana kama ngozi ya kifaru. Ukingoni, upande ambao mtu wa chini hawezi kuona, Baba amechora miaka kwa msumari. 1972. 1973. Inaendelea hivyo hadi kona na kukunja. Niliutafuta mwaka niliozaliwa. Upo, kama mingine.

Nilikaa pale hadi Nice akaniita mara ya tatu.

Jumamosi, 20 Aprili

Baba amekubali kuniona. Yuko kitandani, mito mitatu mgongoni kwa sababu akilala chali hapumui. Sauti yake imekuwa ndogo.

Nikamwambia, "Nilipanda juu, Baba."

"Nice ameniambia."

"Kwa nini hukuliezeka upya?"

Alijiinua kidogo kwenye mito. "Ephraimu aliniambia," akasema. "Siku ya kwanza kabisa. 'Kijana, huku mlimani mvua ni nyingi, weka mteremko.' Mimi nilikuwa nimetoka Ulaya na kalamu zangu. Niliona mteremko ni mambo ya vibanda. Nchi ilikuwa mpya, sisi tulikuwa wapya, tulitaka mtu akipita barabarani aseme, hapa watu wameanza upya. Paa lilipovuja nikasema ni lami tu, mwaka mmoja. Kisha mwaka mwingine. Ukishaficha miaka kumi, unatokaje?"

"Ungesema tu, Baba."

"Ningesema nini? Kwamba nilikosea? Ningewaambia watu waliobeba mawe kichwani kutoka mtoni?" Akakohoa. "Wewe ulisema sawa siku ile. Nilidanganya."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mtu anayepanda ngazi miaka hamsini si mwongo. Sijui kama ninaliamini hilo, lakini nilipokuwa nalisema niliamini. Nikamwambia pia kwamba hata mimi naogopa. Kwamba nikisema majengo yangu ni mzaha, ni kwa sababu mtu wa mzaha hawezi kuambiwa amekosea. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Alicheka kidogo, pumzi ikamkatikia. "Basi tuko sawasawa," akasema.

Halafu akashika mkono wangu. "Sikiliza. Chini ya ukumbi kuna chemchemi. Tulipochimba msingi tulikutana nayo, tukaigeuza kwa mfereji wa mawe. Ukiweka nguzo zako bila kujua maji yanapita wapi, zitatitia. Njoo Alhamisi na karatasi, nikuchoree."

"Nionyeshe sasa hivi, Baba."

"Sasa nimechoka. Na si jambo la kusimulia, ni la kuchora. Njoo Alhamisi."

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua kubwa, na mteja kutoka Nairobi ameongeza kikao hadi jioni. Nimempigia Nice amwambie Baba nitakuja Jumamosi.

Ijumaa, 26 Aprili

Baba amefariki leo asubuhi saa moja na nusu.

Jumapili, 28 Aprili

Nice ananiambia Alhamisi aliomba avalishwe shati jeupe. Alikaa mezani tangu saa nne, rula mbele yake na penseli aliyoichonga mwenyewe kwa kisu. Saa nane Nice akampa ujumbe wangu. Akasema, "Ana kazi nyingi, mwacheni." Hakutaka kurudi kitandani. Alikaa pale pale hadi jioni.

Nimemwuliza Nice kwa nini hakunipigia tena aniambie hayo. Akasema, "Ungekuja?"

Sijui. Hilo ndilo siwezi kulivuka. Sijui kama ningekuja.

Jumatano, 1 Mei

Tumemzika nyumbani, kati ya kahawa na migomba, karibu na Mama. Mvua haikutuonea huruma. Baada ya mazishi watu wote walijaa ukumbini na dari likawadondokea, wazee waliovaa suti, akina mama na vitenge vyao vyeusi. Hakuna aliyefanya mzaha. Nilipita na ndoo, moja baada ya nyingine, nazimwaga nje na kuzirudisha. Kuna mtu alitaka kunipokea, Nice akamwambia, "Mwache."

Alhamisi, 2 Mei

Sikuandika kitu ofisini. Fundi viatu wa chini amepanda kunipa pole, akakaa kidogo, akaondoka.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemwuliza Nice kama Baba aliwahi kumwonyesha mfereji ulipo. Akasema ndiyo, zamani, wakiwa juu ya paa. "Alinyoosha kidole huku," na akaonyesha upande wa mashariki, penye miparachichi.

Nikaenda kwa Mzee Ephraimu. Haoni kabisa sasa, ana miaka karibu tisini, lakini alinishika uso akanitambua. Akasema mfereji unapita upande wa barabara, aliupanga mwenyewe kwa mikono yake, na mtu anayesema mashariki hakuwepo. Nikamwambia Nice amesema mashariki. Akasema, "Mwalimu wa watu huyo, lakini hakuwepo."

Nimerudi nyumbani nimekaa na karatasi tupu. Miaka ishirini nimewaambia watu kwamba kila mtu ana hadithi yake na zote zina haki. Nimeandika makala, nimepigiwa makofi kwa maneno hayo. Na sasa hadithi mbili hazinisaidii. Maji yanapita mahali pamoja tu. Aliyekuwa anajua pako wapi alivaa shati jeupe akanisubiri.

Jumanne, 21 Mei

Kikao na baraza la wazee. Nimewaambia kipande cha ukuta wa Baba nakitoa.

Mchungaji Abdiel alishangaa. "Aika, hicho ndicho kitu wazee walichokipenda kuliko vyote. Na sasa Mzee amelala, ndiyo zaidi. Tulitaka tuweke na jina lake."

"Alikataa, Mchungaji."

"Alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa na akili zake zote. Alisema asibandikwe."

Mzee mmoja akasema maiti haichagui jeneza. Nikasimama, nikaanza kukunja ramani yangu. Nilimaanisha. Mchungaji akaniomba nikae. Wakanong'onezana, wakakubali, lakini hawakufurahi, na mimi pia sikufurahi. Nilikuwa nimekilia kile kipande.

Nguzo zangu sita zimebaki. Nilijaribu kuzitoa wiki iliyopita, nikachora ukumbi mtupu, ulionyooka, kama wa kwake lakini wenye mteremko. Ulikuwa mwongo kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora. Mimi sikuzaliwa 1945, sijawahi kuamini kitu kama walivyoamini wao. Nimeichana karatasi ile. Nikiulizwa leo mimi ni wa upande gani, jibu ni lile lile nililolitoa mezani nikiwa mwaka wa tatu. Ila leo ningelisema kwa sauti ya chini, na ningemwangalia Baba usoni nikilisema.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua zimekwisha. Baridi imeanza, ukungu hadi saa nne. Mashine imeingia leo.

Alhamisi, 6 Juni

Walisema ukumbi utaanguka kwa siku moja. Umechukua siku nne. Mwendesha mashine amelalamika kutwa kwamba zege hili si la kawaida, nani alilichanganya. Mzee Ephraimu aliletwa na mjukuu wake wa kike, akawekewa kiti barabarani. Alisikiliza hadi ukuta wa mwisho. Kisha akaomba arudishwe nyumbani.

Kifusi kimechukuliwa chote. Nilisimamia hadi lori la mwisho.

Jumanne, 11 Juni

Tumechimba mashariki, penye miparachichi. Udongo mkavu. Tumechimba upande wa barabara. Mkavu.

Jumatano, 12 Juni

Mkavu. Mafundi wanasema chemchemi zinahama, au labda wazee walisahau. Loserian, msimamizi wao, ameniuliza kwa heshima tutachimba hadi lini. Nimemwambia kesho.

Alhamisi, 13 Juni

Tumeupata.

Haukuwa alikosema Nice wala alikosema Ephraimu. Ulipita katikati, mshazari, kutoka kona ya nyuma hadi mlangoni, na nguzo yangu ya tatu ingesimama juu yake kabisa. Loserian aligonga jiwe kwa sululu, akaniita. Niliingia shimoni nikafukua kwa mikono.

Ni mawe ya mtoni, yamechongwa na kupangwa bila saruji, yanabanana hivi kwamba wembe haupiti. Chini yake kuna mteremko, mdogo sana, umepimwa. Maji yanatembea, safi, hayana haraka. Miaka hamsini na mitatu na hakuna jiwe lililosogea. Hakuna mtu aliyeliona jambo hili isipokuwa yeye na mafundi wake. Sijawahi kuona kazi nzuri kama hii, yake au ya mtu mwingine.

Nimewatuma mafundi wakanywe chai, nikampigia Nice shuleni. Amekuja na chaki bado mikononi. Nilimshika akashuka, akachuchumaa, akatia vidole majini.

"Yanapita hapa," akasema.

"Yanapita hapa."

Alilia kwa muda. Nami nililia. Kisha akauliza, "Utafanyaje?"

"Nitausogeza ukumbi hatua nne kuelekea barabarani, nguzo zisiukanyage. Mfereji ubaki ulivyo."

"Watu watauona?"

"Hapana."

Akafikiri. "Labda ungeweka kioo juu, watu waone. Ninyi si mnafanya mambo hayo?"

Nilikuwa nimeshaliwaza hilo. Kabla hata hajafika nilikuwa nimeshauchora kichwani, kioo kinene, taa chini yake, maji yanang'aa. Ungependeza sana.

"Tunaufunika," nikamwambia.

Mafundi walikuwa bado kwenye chai. Nice alivua viatu vya shule, akaviweka pembeni, akachukua koleo moja na mimi nikachukua lingine.